Ubeti Nilioukata

Kosa nitakalolieleza humu ni hili: niliondoa jina la mtu kwenye kazi yake, na watu walipomwita mwizi wa kazi hiyo nikanyamaza, ilhali ushahidi ulikuwa mkononi mwangu. Nalitaja mwanzoni ili msomaji asije akafika katikati akidhani anasimuliwa habari za muziki. Muziki umo, na ulikuwa mzuri kuliko nilivyostahili kuusikia. Lakini ninyi mnaoanza kazi ya utamaduni leo, mliokalia viti tulivyoviacha, mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu, na sina kumbukumbu nyingine yenye faida kwenu kuliko hii. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu. Zimepigwa chapa vizuri na hazina ukweli mwingi.

Nilizaliwa Kolandoto, jirani na hospitali ya misheni, ambako baba yangu alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume. Nyumbani kwetu ngoma ilikuwa sauti ya mbali. Ilipoanza kulia upande wa mashambani, mama alifunga madirisha, na sisi watoto tukaongezewa sura moja ya kusoma katika Maandiko. Hivyo nilikua Msukuma anayesoma vitabu vya lugha mbili na asiyejua kwa nini watu wa ukoo wake mwenyewe huimba. Silisemi hili kwa kujitetea. Mtu anayesimamia jambo asilolijua ana wajibu wa kuuliza, na mimi nilikuwa nimefundishwa kujibu tu.

Baada ya miaka sita ya ualimu nilihamishiwa ofisi ya utamaduni, Shinyanga mjini, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, kidau cha wino wa muhuri, na kalamu ya risasi yenye rangi mbili, buluu upande huu na nyekundu upande ule. Mkuu wangu, mtu nadhifu aliyebadilisha soksi mchana, alinieleza kazi yangu yote kwa sentensi moja: "Buluu ya kupitisha, nyekundu ya kukata." Nilirudi mezani nikaichonga kalamu pande zote mbili. Kabla ya mwaka kwisha, upande mwekundu ulikuwa umebaki kipande cha kidole, na ule wa buluu ungali mrefu. Mkuu aliuona, akanisifu kwa umakini.

Kazi yenyewe, ile isiyoandikwa kwenye waraka, nilifundishwa na Mzee Mponda, mlinzi na msimamizi wa ukumbi wa jamii. Alikuwa amepiga tarumbeta jeshini wakati wa wakoloni, na midomo yake ilibaki na alama. Alinifundisha kuwasha amplifaya mapema ili taa zake zipate moto, kufunga leso kwenye maikrofoni pale upepo unapoingia madirishani, na kuijaribu kwa kusema, si kwa kupuliza. "Ukiipuliza unaitemea mate, Mama Elia. Atakayeimba baada yako ameikosea nini?" Alijua kwamba mzee wa kijijini hawezi kuimba akiwa amewapa mgongo waitikiaji wake, kwa hiyo viti vyao huwekwa ubavuni mwake, hata kama mgeni rasmi ataona mabega tu. Na alinipa ushauri mmoja nilioupuuza: "Mtunzi akikuletea maneno, mwache kwanza ayaimbe. Ukiyasoma kabla hujayasikia, utadhani ni barua."

Niliyasoma. Niliyasoma yote, miaka yote, kana kwamba ni barua za maombi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ofisi iliamua kuandaa jioni moja ya watunzi, watu wanaoimba maneno yao wenyewe. Wazo lilikuwa langu na nililipenda. Nilitaka jazi ya mjini, soul ya vijana, ule muziki wa Wamarekani weusi, na nyimbo za mashambani zipande jukwaa moja, ili wakubwa waone kwamba mkoa wetu hauna pamba na ng'ombe tu. Soul ndiyo iliyokuwa na taabu. Wakati ule wakubwa waliitazama kama ugonjwa wa kuambukiza, na niliruhusiwa mwimbaji mmoja, kwa sharti kwamba aimbe Kiswahili na avae gauni linalopita magoti. Gari la kurekodi la redio liliahidiwa kuja. Mwenye duka la redio mjini, Bwana Jivan, alituazima spika mbili akasema atakaa jirani nazo mpaka zirudi dukani, na kweli alikaa, amezishika kama watoto.

Kila mtunzi alitakiwa kuleta maneno yake wiki mbili kabla. Maneno ya bendi ya mjini yaliletwa na kiongozi wake, Dikson, mpiga saksofoni mwenye nywele za kuchanwa juu, aliyekuwa na tabasamu kwa kila mtu na jibu kwa kila swali. Soul ililetwa na Rehema, mpiga chapa katika ofisi moja ya pamba, binti mkimya aliyetunga nyimbo zake kwenye karatasi za kaboni zilizokwisha kazi. Wa mashambani alikuwa Shija mwana wa Luhende.

Shija alitoka upande wa Geita, kwenye dhahabu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, amekauka, mwenye kovu la jiwe juu ya jicho. Alikuwa mfanyakazi wa mgodi mkubwa hadi ulipofungwa, kisha akarudi ardhini kama wenzake kwa sururu na kamba, katika mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara. Lakini kwa watu wa kwao yeye alikuwa kwanza manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Manju kwetu si mwimbaji wa kukodiwa. Ana wachezaji wanaomfuata kutoka uwanja hadi uwanja baada ya mavuno, na wanamfuata kwa sababu moja tu, kwamba maneno ni yake. Siku wakijua si yake, wanaondoka. Haya yote niliyajua baadaye, baada ya kuyaharibu.

Aliingia ofisini mchana, Rehema akiwa bado amekaa akisubiri karatasi zake.

"Mwadila, mayu," alinisalimia Kisukuma, salamu ya mchana, akiniita mama ingawa alinizidi umri.

Nilimjibu Kiswahili, kwa kuwa tulikuwa ofisini.

Maneno yake yalikuwa yameandikwa na mwalimu wa kijijini, kwa mwandiko mzuri, na kufasiriwa. Ulikuwa wimbo wa duara lililoanguka likawafunika watu wanne, mmoja wao mdogo wake. Ulikuwa na kiitikio kinachosema shimo halina mlango wa nyuma. Nimesoma mashairi mengi maishani na hata siku ile, nikiwa na kalamu mkononi, nilijua kwamba mbele yangu kuna kitu. Kisha nikafika ubeti wa mwisho:

*Mimi Shija mwana wa Luhende, ndiye niliyesema haya.*
*Mlango wangu unatazama magharibi.*
*Aliyeudhika aje asubuhi, atanikuta.*

"Ubeti huu hauhusiani na wimbo," nilimwambia. "Hapa unajitaja wewe tu."

"Ndiyo, mayu."

"Kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria ina kitako. "Ili wajue nani kasema."

"Watakuona jukwaani."

"Leo wataniona. Na kesho?"

"Mzee, sanaa ni mali ya umma. Jukwaa si mahali pa mtu kujitangaza."

"Umma upi, mayu?" aliuliza kwa upole. "Huo umma ulikuwemo mle shimoni?"

Nilikasirika. Ningekuwa nimekosewa adabu ningekasirika kidogo; lakini alikuwa ameuliza vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Niligeuza kalamu, nikapiga mstari mwekundu juu ya ile mistari mitatu, kutoka kona hadi kona, nikagonga muhuri chini yake. Nilimwambia kwamba akiimba sehemu iliyokatwa, kibali kinafutwa papo hapo, kwake na kwa kikundi chake kwa mwaka mzima.

Alisimama akiitazama karatasi ingawa hakujua kusoma. Alichoweza kukiona ni ule mstari. Kisha akaaga, akaenda zake.

Rehema alisubiri mpaka mlango ukafungwa. "Mama Elia, samahani. Yule mzee umemkata kichwa."

"Wewe umekuja kufuata karatasi zako au kunifundisha kazi?"

"Karatasi zangu," alisema, akazichukua.

Jioni yenyewe ilianza saa kumi na mbili, nyuma ya ratiba kwa nusu saa, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado anakula. Ukumbi ulijaa hadi madirishani: makarani na wake zao, wafanyabiashara wa Kihindi na mabinti zao waliovaa sari za kung'aa, wauguzi kutoka Kolandoto wakiwa na sare bado, wakulima walioleta pamba mjini wakabaki. Bendi ilifungua. Dikson, nitamtendea haki, alipiga saksofoni yake kwa namna ambayo ukumbi mzima uliacha kujipepea. Alifuata Rehema, na gitaa moja tu nyuma yake. Aliimba juu ya mwanamke anayechapa barua za watu wengine mchana kutwa na usiku hana wa kumwandikia. Ile soul waliyoiogopa wakubwa ilikuwa kitu hicho tu, mtu mpweke anayesema kweli kwa sauti nzuri. Mgeni rasmi alipiga makofi akatazama gauni, akaona linapita magoti, akaongeza makofi.

Kisha Shija. Alipanda na wanawake wawili waitikiaji, hana ngoma, amefunga njuga mguu mmoja tu. Mzee Mponda alikuwa ameishusha maikrofoni ya pili chini karibu na kisigino chake, na njuga zile zikaanza kulia taratibu spikani. Aliimba kana kwamba anaongea na mtu aliye chini ya sakafu. Alitaja majina ya wale wanne. Wanawake wakaitikia kwamba shimo halina mlango wa nyuma. Mwisho wa ubeti wa saba alinyamaza.

Ukumbi haukupiga makofi. Nusu ya watu mle walikuwa Wasukuma, na kwa masikio yao wimbo ulikuwa haujaisha. Walikuwa wanasubiri. Kutoka nyuma, miongoni mwa wakulima, sauti ya mzee mmoja ikauliza kwa Kisukuma, kama inavyoulizwa uwanjani: "Nani kasema?"

Shija alifungua kinywa. Alinitazama nilipokaa, safu ya kwanza, na karatasi yangu magotini. Kisha akakifunga.

"Nani kasema?" wakauliza watu watatu, wanne.

Mgeni rasmi, asiyejua Kisukuma, alidhani wanashangilia, akaanza kupiga makofi. Watumishi wa serikali tukamfuata. Ndivyo wimbo ule ulivyoisha.

Baada ya onyesho mtu wa redio alikuja na daftari lake. Alitaka majina ya nyimbo na ya watunzi. "Huu wa tatu, mama, mtunzi wake nani?"

Dikson alikuwa hapo hapo akikunja waya. "Ule? Ule wa Kisukuma tu," alisema. "Wa wazee wa zamani."

Alijua si kweli. Nami nilijua. Lakini kuandika jina la Shija kulimaanisha kukiri kwamba jina lina kazi, na kama lina kazi, kwa nini nililikata? Isitoshe, swali lile la kutoka nyuma ya ukumbi lilikuwa bado linanichoma masikioni. Niliandika kwa mkono wangu: *Wimbo wa asili, Usukuma.*

Miezi michache baadaye wimbo ukasikika redioni, lakini si kwa sauti ya Shija. Ilikuwa bendi ya Dikson, na magitaa matatu na saksofoni pale penye kiitikio. Mtangazaji alisema ni wimbo wa asili wa Wasukuma, umepangwa na kuimbwa na Dikson na bendi yake. Dikson hakuvunja utaratibu wowote. Kitu kisicho na mwenyewe kinaokotwa, na mimi ndiye niliyekiandika kwamba hakina mwenyewe. Ofisini tulipongezana. Mkuu wangu alisema mkoa umesikika nchi nzima.

Mavuno yalipokwisha Shija alikuja Shinyanga, amepanda lori la pamba, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mayu, wachezaji wangu wananikimbia," alisema. "Nikiimba wimbo wangu na kujitaja, wanasema nimeuiba redioni. Wanasema nimebandika jina langu kwenye mali ya serikali."

"Waeleze."

"Nimewaeleza. Redio inaeleza kila siku, tena ina sauti kubwa kuliko yangu." Akacheka kidogo. "Ningeiba ng'ombe ningerudisha ng'ombe. Huu wimbo niurudishe kwa nani? Niandikie barua, mayu. Yenye muhuri. Useme uliuona kwangu kabla ya redio. Karatasi yangu unayo."

Nilikuwa nayo, kwenye droo ya kulia, mistari mitatu ikisomeka wazi chini ya wekundu. Nilikwenda kwa mkuu. Hakuinua macho. "Mama Elia, ofisi ikikiri kwamba ilikata jina la mtu, kesho kila mpiga ngoma atakuja na jina lake. Liache litulie."

Nikarudi nikamwambia Shija kwamba faili limepelekwa juu.

"Juu wapi? Mimi nitapanda."

"Makao makuu. Subiri utaitwa."

Alikuja mara ya pili, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu hakuingia. Alikaa kwenye benchi ya nje tangu asubuhi, kofia magotini, mpaka saa ya kufunga. Ofisi yetu ilikuwa na mlango wa nyuma. Nilipitia huo.

Mzee Mponda aliniona nikikatiza uani. "Andika kwa mkono wako mwenyewe basi," alisema, "bila muhuri. Watu wa kwao wanamjua mtu aliyeandika, hawajui muhuri." Nilimwambia hajui taratibu za ofisi. Hakunishauri tena jambo lolote mpaka alipostaafu, na wakati huo niliona ni nafuu.

Msimu uliofuata nilitumwa Geita kuwakilisha ofisi kwenye mashindano ya ngoma. Tulilala Nyasubi, Kahama, kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, kesho yake tukaendelea kwa Land Rover. Kabla ya kuondoka Shinyanga nilikuwa nimeifungua droo na kuitia ile karatasi mkobani. Nilijiambia kwamba nikipata nafasi nitaitoa. Wenzangu, mwogopeni mtu anayengoja nafasi.

Uwanja ulikuwa wa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya kijiji cha wachimbaji, jua la saa tisa likichoma. Mashindano yetu, kwa asiyeyajua, hayana majaji. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Upande wenye watu wengi jioni ndio ulioshinda. Upande wa Bagika ulikuwa umefurika. Upande wa Bagalu alikuwa Shija na wachezaji kumi na mmoja. Miaka miwili nyuma walikuwa zaidi ya arobaini.

Alianza wimbo wake. Pale pale mchimbaji mmoja mwenye koti la mvua aliinua redio ndogo juu ya kichwa. "Jamani, redio imekuja kufuata wimbo wake!"

Kicheko kikatapakaa. "Shija, leo umeleta na saksofoni?"

"Mwiziii!"

Wachezaji wawili wakatoka mstarini, kisha wa tatu. Shija aliimba mistari miwili zaidi peke yake, akanyamaza. Akainama kuzigusa njuga zake. Uwanja ukapungua kelele, maana kwa desturi ya pale manju anayefungua njuga mbele ya watu haongozi ngoma tena, mwaka ule wala mwaka mwingine.

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekaa kiti kilichofuata changu, aliniinamia. "Mama afisa, huyu mtu aliimba kwenu Shinyanga. Wewe unajua. Serikali inasemaje?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kifungo cha mkoba.

"Serikali haiingilii mashindano," nilisema.

Mwenyekiti akageuza kiti chake kidogo, upande usio wangu.

Hapo ndipo ngoma za Bagika ziliponyamaza. Manju wao, mtu mnene wa shingo fupi, mpinzani wa Shija kwa miaka isiyohesabika, aliukatiza uwanja peke yake akifuta jasho kwa kiganja, fimbo yake mkononi. Nilidhani anakuja kumzomea vizuri. Alifika, akaiweka fimbo yake juu ya njuga za Shija.

"Subiri. Usifungue." Kisha akawageukia watu. "Mimi mnanijua?"

"Tunakujua!"

"Ninampenda huyu?"

"Humpendi!" Wakacheka.

"Simpendi. Ana sauti ya fisi aliyemeza sabuni." Wakacheka zaidi. "Mwaka juzi, hapa hapa mnadani, nilimwimbia nini?"

Wanawake wa upande wake wakaudaka wimbo bila kungoja: *Shija wa Luhende analia shimoni, shimo lake halina mlango, sisi pamba yetu inacheka juani.*

"Enhe. Nilikuwa namjibu nani?"

Vichwa vikamgeukia mwenye koti la mvua.

"Nauliza! Mwaka juzi nilikuwa naijibu redio? Redio ilikuwa imeshauimba?"

"Bado," alisema mzee mmoja polepole. "Wakati ule ilikuwa bado."

"Nilikaa mwezi mzima nikitafuta jibu la wimbo wake. Mke wangu shahidi, alinifukuza jikoni. Na jibu lenyewe halikutosha, ule wimbo ulinipiga, mnajua ulinipiga. Leo mnasema ni wa redio. Kwa hiyo mimi nilipigwa na redio? Nipigwe na kisanduku cha betri?" Aliitema ile 'redio' kila alipoitaja. "Mkimwita huyu mwizi, mnanitukana mimi."

Mwenye koti la mvua aliishusha redio yake. Watu wakaanza kuvuka uwanja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakiuacha upande wa Bagika mtupu. Mpiga ngoma mkuu wa Bagika alimwambia manju wake, mbele yetu sote, "Umetuuza," akabeba ngoma yake akaondoka. Yule mtu mnene alikuwa ameshinda siku ile kabla hajavuka uwanja, na bado alivuka.

Shija aliimba upya. Alipomaliza ubeti wa saba, uwanja mzima ukauliza nani kasema, naye akajibu. Niliisikia ikiimbwa, kwa mara ya kwanza, mistari niliyoijua kwa macho tu. Haikuwa majivuno. Mtu aliyewataja wafu kwa majina alikuwa anatoa na lake, na anaeleza mlango ulipo kwa yeyote mwenye ugomvi. Sijawahi kuona waraka wa ofisi yetu uliothubutu hivyo.

Jioni nilimfuata alipokuwa akinywa maji. "Karatasi yako ninayo," nilisema, nikaifungua.

Aliitazama, akautambua ule mstari mwekundu. "Ilirudi lini kutoka juu?"

"Haikwenda."

Nilitamani anitukane. "Wabeja, mayu," alisema, yaani asante, kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza, akarudi kwa watu wake. Karatasi hakuipokea.

Msidhani mambo yalinyooka. Uwanja mmoja ulijua ukweli; viwanja vingine viliendelea kuiamini redio, na Shija aliacha kuuimba wimbo ule nje ya kwao. Mkuu wangu alipohamishwa niliandika kwa redio kuomba masahihisho. Walinijibu kwa heshima kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha wimbo ni wa asili, wakaambatanisha nakala ya ushahidi. Ulikuwa mwandiko wangu.

Na taarifa niliyoiandika baada ya safari ile ya Geita mtaikuta kabatini, kama hamjaichoma. Inasema mashindano yalifanyika kwa amani, na kwamba palipotokea kutoelewana kidogo, "kiongozi mmoja wa ngoma" aliwatuliza watu. Nilikuwa nimeuliza jina lake, nikaambiwa, na sikuliandika. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu jina lina uzito gani, na bado sikuliandika. Kwa hiyo kosa langu la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Aliyeifanya kazi yangu siku ile, bila muhuri na kwa hasara yake mwenyewe, ni Lushinge mwana wa Madata.